Kilugha na Kiistilahi: Habari za Kisanduku Huko Nakivale

Msafiri atokaye Mbarara akaishika njia ya Isingiro hupita kwanza katika vilima vilivyovikwa migomba, kilima baada ya kilima, hata akadhani kwamba nchi yote ya Ankole ni shamba moja la matoke. Kisha, kadiri anavyoteremka kuelekea upande wa mpaka wa Tanzania, migomba hupungua, nyasi na migunga hushika mahali pake, ng'ombe wenye pembe ndefu huonekana wakinywa kandokando ya vinamasi, na mwishowe hudhihiri ziwa la Nakivale, ambalo pembezoni mwake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, serikali zilizotawala Uganda, ile ya Kiingereza na zile zilizofuata baada ya uhuru, zimekuwa zikiwapa vipande vya ardhi watu waliokimbia makwao. Mahali hapo palitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 185. Wilaya yake ni Isingiro, iliyokatwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Wakazi wake wamekwisha kupindukia laki moja, nao ni Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Na lugha wanayokutania wengi wao sokoni, kisimani na katika foleni ya posho ni hii yetu ya Kiswahili.

Haya niliyoyataja hivi punde ndiyo yaingiayo katika kisanduku. Kwani katika kamusi elezo za zama zetu, zile zisomwazo kwa njia ya intaneti, makala ya mahali huwekewa ubavuni kisanduku cha muhtasari, chenye mistari iliyopangwa kwa kanuni moja kwa makala zote za aina hiyo: nchi, wilaya, eneo, idadi ya watu, mwaka wa kuanzishwa. Waandishi wa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, hukiita chombo hicho kigezo, yaani kipimo kilichokwisha kukatwa ambacho kila mwandishi hukijaza tu, na mtu asiyewahi kuandika makala hajui ni taabu kubwa kiasi gani huondolewa kwa hicho. Msomaji mwenye haraka hupata haja yake kwa mtupo mmoja wa jicho, na mwandishi wa Mbarara na mwandishi wa Mombasa, wasiojuana wala kuonana, huandika kana kwamba walikaa barazani pamoja.

Mimi nilikipenda kisanduku tangu siku ya kwanza, na bado nakipenda katika makala ya Nakivale. Nilikuja kusitasita siku nilipojaribu kuandika makala nyingine, yenye neno moja tu juu yake, Mkimbizi, nikakuta kwamba kila mstari niliotaka kuuweka katika kisanduku uligeuka mikononi mwangu. Aina yake? Chanzo chake? Sehemu ya jambo gani? Nilijaza, nikafuta, nikajaza tena. Ndipo nilipoanza kuuliza habari za kisanduku chenyewe, kimetoka wapi na kimepita wapi, nikaona kwamba katika nchi zetu hizi za maziwa makuu kisanduku kina tarikhi ndefu kuliko intaneti, na kwamba sehemu isiyo ndogo ya tarikhi hiyo imepita Nakivale.

Katika kamusi elezo hizi za intaneti, miongoni mwa visanduku vilivyotangulia kupata kanuni madhubuti ni vile vya wanyama na mimea, navyo vilifaa mno kwa sababu kazi ilikwisha kufanywa na bwana mmoja wa Sweden, Carl Linnaeus, katika karne ya 18, aliyeipanga dunia ya viumbe daraja kwa daraja. Msomaji wa Kiswahili ameyazoea madaraja hayo, pamoja na yale yaliyoongezwa baadaye na wengine: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Mpe ng'ombe wa Ankole, ataingia katika madaraja hayo pasi na shida, ingawa Mnyankole mwenyewe, akimwona ng'ombe huyohuyo, hatasema habari za jenasi, atasema huyu ni bihogo, mwekundu wa kukoza, na katika neno hilo moja atakuwa amekueleza jambo ambalo kisanduku hakina mstari wake.

Wala watu wa pwani yetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Wanachuoni waliosomesha elimu ya mirathi katika misikiti na madrasa za Lamu, Unguja na Mombasa walichora jedwali, na jedwali liliwafaa, maadamu mafungu ya mirathi ni mahsusi na yana mipaka: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi, na hapana fungu la saba. Mume, mke, binti, mama, kila mmoja ana chumba chake katika jedwali na hesabu yake ndani ya chumba. Walakini wanachuoni haohao, walipofika kwenye neno lenye maana ya ndani, lisiloshikika kwa mkono wala kuhesabika kwa vidole, waliliacha jedwali wakashika desturi nyingine, ambayo kila aliyekaa mbele ya mwalimu akiwa na kitabu cha fikihi anaikumbuka: neno lielezwe kwanza kilugha, kisha lielezwe kiistilahi. Swala kilugha ni dua. Ama kiistilahi ni maneno na vitendo maalumu vifunguliwavyo kwa takbiri na kufungwa kwa salamu. Saumu kilugha ni kujizuia, na kujizuia kwa namna yoyote. Ama kiistilahi ni kujizuia na mambo yajulikanayo, kwa wakati ujulikanao. Mwanafunzi alifundishwa kuzichukua maana zote mbili pamoja, kwa sababu maana ya lugha ni pana na ni ya watu wote, ilhali maana ya istilahi ni nyembamba na ina mwenyewe aliyeiweka, na aijuaye moja bila ya nyingine atapotoka.

Kisanduku hakina nafasi ya mbili hizo. Huchukua istilahi, huiandika kwa ufupi, na lugha hubaki nje.

Serikali za kikoloni zilikijua kisanduku zamani sana. Katika Kenya ilitungwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika kwa nguvu baada ya vita vikuu vya kwanza, iliyomlazimu mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, hati iliyoandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, na wengi waliitia katika kikopo cha chuma wakakining'iniza shingoni. Neno lenyewe la Kiswahili linasema kweli: kipande, sehemu iliyokatwa. Katika hati ile mtu alikuwa na kabila moja, kwa herufi za karani, hata kama mama yake alitoka kwingine na yeye mwenyewe alilelewa kwingine tena.

Lakini katika nchi ya Rwanda, chini ya Wabelgiji, jambo hili lilifika kina ambacho kipande cha Kenya hakikukifikia. Katika miaka ya 1930 serikali ile ilihesabu watu na kuwapa vitambulisho, na katika vitambulisho hivyo kila mtu alipewa mstari wa kundi lake, na mstari huo, kwa Kinyarwanda, ulibeba neno ubwoko. Basi tusimame hapa, kwa maana neno hili lastahili kuelezwa kama walivyoeleza walimu wetu. Ubwoko kilugha ni aina, ni namna: maharage yana ubwoko wake, na kila kitu chenye jinsi kina ubwoko. Watu walipoulizana ubwoko zamani, aghalabu jibu lilikuwa jina la ukoo mkubwa, Abasinga, Abagesera, Abazigaba, Abega, Abanyiginya na wenzao, na katika koo hizo, jambo ambalo mgeni huliona la ajabu, Mhutu, Mtutsi na Mtwa huweza kuwa pamoja ndani ya ukoo mmoja. Hata upande wa Ankole koo kubwa, Abashambo, Abahinda, Abagahe, zina Wahima na Wairu pia, na Abashambo wana jamaa zao ng'ambo ya mpaka. Hii ndiyo lugha. Kisha akaja karani mwenye kalamu, akaweka chini ya neno lilelile istilahi mpya, Hutu, Tutsi, Twa, na neno la nne kwa wageni waliopewa uraia, akakata yasiyohusika na kuacha moja. Na kwa kuwa hakuandika mahali popote kwamba maana imebadilishwa, watoto waliozaliwa baadaye walikua wakidhani kwamba ubwoko tangu zamani ni huo. Mstari ule ulidumu katika vitambulisho takriban miaka sitini, ukapita zama za Wabelgiji, ukapita jamhuri ya kwanza na ya pili, na katika mauaji ya halaiki ya mwaka 1994 mtu alisimamishwa njiani, akatakiwa kitambulisho, na mstari ule ukawa hukumu yake. Baada ya mauaji yale ndipo serikali mpya ilipouondoa.

Sikulitaja hili kwa kusema kwamba kisanduku ndicho kilichoua watu. Watu waliua watu, na sababu zao ni nyingi na zimeandikwa na wajuzi. Nalitaja kwa kuwa watu wa kwanza kuletwa Nakivale walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959, miezi michache baada ya kufa ghafula kwa Mwami Mutara Rudahigwa, mfalme wa Rwanda, mwezi wa Julai, na wengi wao walikimbia kwa ajili ya mstari huo. Walipofika katika nyasi za Isingiro, wakakutana na kisanduku cha pili.

Kisanduku hiki cha pili kilikuwa na neno mkimbizi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kuliwekea istilahi: mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, taifa, kundi la kijamii au rai ya siasa. Ni istilahi yenye heshima, na imeokoa roho nyingi. Walakini waliouandika mkataba ule walikuwa wakiitazama Ulaya baada ya vita, wakaipa istilahi yao ukuta wa tarehe: matukio yaliyosababisha kukimbia yawe yametukia kabla ya tarehe 1 Januari 1951. Mnyarwanda aliyevuka mpaka mwishoni mwa mwaka 1959, amebeba mtoto mgongoni na anaswaga ng'ombe wachache, kwa herufi za mkataba ule hakuwa mkimbizi. Ukuta wa tarehe haukubomolewa hata Itifaki ya mwaka 1967, na Uganda haikujiunga na mkataba hata tarehe 27 Septemba 1976. Katika muda wote huo aliyekuwa Nakivale alitawaliwa na sheria ya Uganda yenyewe, iliyotungwa mwaka 1960, ambayo ilimtaja kwa jina la mgeni mkimbizi, na ikasema kwamba mkimbizi ni mtu wa kundi la wageni ambalo waziri amelitangaza kuwa ni la wakimbizi. Hofu yake haikuulizwa, wala safari yake. Kundi likitangazwa, yumo, lisipotangazwa, hayumo. Sheria hiyo iliendelea kuwa katika vitabu hata ilipotungwa nyingine mwaka 2006, ambayo watu wengi huisifu, nami nadhani wanaisifu kwa haki, kwa uhuru iliompa mkimbizi wa kufanya kazi na kwenda atakako.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkataba wake uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, uliongeza katika istilahi wale wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga sana amani ya umma. Nami huuona mkataba ule kuwa mmoja wa maandishi mazuri kabisa ya kisheria yaliyotoka katika bara letu, kwa sababu waandishi wake walirudi kuisikiliza lugha: waliona kwamba Mwafrika akisema mtu fulani amekimbia hana haja ya kuuliza kwanza kama alikusudiwa yeye peke yake.

Mtu anaweza kufikiri kwamba kisanduku cha mkimbizi, maadamu kinampa aliye ndani yake ardhi na posho, hakimdhuru aliye nje. Mwezi wa Oktoba mwaka 1982 watu wa Mbarara waliona kinyume cha hayo. Viongozi wa mahali pamoja na vijana wa chama kilichotawala waliwafukuza Wanyarwanda wa Ankole kutoka mashambani mwao, wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe, na hawakutenganisha kati ya aliyekuja mwaka 1959 akiwa mkimbizi, aliyekuja zamani kutafuta kazi, na aliyezaliwa Uganda kwa wazazi raia. Makumi ya maelfu walikimbia, baadhi yao wakavuka kwenda Rwanda, na wengine wakasukumwa ndani ya makazi ya zamani, Nakivale na Oruchinga, wakiwemo watu ambao hawajapata kuwa wakimbizi siku moja katika maisha yao. Neno Mnyarwanda, ambalo kilugha ni mtu wa asili ya Rwanda au mwenye kusema Kinyarwanda, lilikuwa limepewa maana ya mkimbizi bila ya sheria yoyote kusema hivyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilipokuja kuorodhesha jamii za asili za nchi, 56 wakati huo na 65 baada ya marekebisho ya mwaka 2005, iliwatia Banyarwanda ndani, na orodha yenyewe ikawekewa tarehe yake: jamii zilizokuwako Uganda tarehe 1 Februari 1926. Msomaji ataona kwamba jambo lisilo na kingo likitakiwa kuingizwa ndani ya mraba, mwenye mraba huazima kingo kutoka katika kalenda.

Baada ya mwaka 1994 ikawa ajabu nyingine. Wakimbizi wengi wa mwaka 1959, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa Uganda, walirudi Rwanda. Na katika miaka iliyofuata wakaja Nakivale Wanyarwanda wengine, wengi wao Wahutu, wakimbiao serikali iliyoongozwa na watoto wa wale waliotangulia. Katika daftari, mstari wa nchi ya asili ukaendelea kusema Rwanda, kama ulivyosema tangu mwanzo. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likaja kupendekeza kwamba hadhi ya ukimbizi ikome kwa Wanyarwanda waliokimbia kati ya mwaka 1959 na tarehe 31 Desemba 1998, na tarehe 30 Juni 2013 ikawekwa kuwa kikomo. Uganda haikuitekeleza hukumu hiyo, lakini kwa miaka kadhaa watu wa Nakivale walilala na kuamka na tarehe hiyo vichwani, mzee wa mwaka 1959 aliyebaki na kijana wa mwaka 1997 wakifungwa katika sentensi moja. Kabla ya hapo, mwezi wa Julai mwaka 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 walikuwa wamepakiwa katika malori kutoka Nakivale na makazi mengine ya wakimbizi, Kyaka II, wakarudishwa kwa nguvu.

Leo mgeni afikaye hupitishwa kituo cha mapokezi cha Kabazana, na jamaa yake yote huandikwa katika hati moja ambayo wenyewe huiita atestesheni, neno ambalo Mkongo alilijua kwa Kifaransa na Mganda kwa Kiingereza, likawa la wote. Mwaka 2018 wakimbizi wote wa Uganda walihakikiwa upya, kwa alama za vidole na picha za mboni za macho, kwa sababu hesabu za kale zilikuwa zimetiliwa shaka. Kidole na mboni haviongopi, nami nakiri kwamba posho haiwezi kugawanywa kwa hadithi. Mwenye ghala anahitaji hesabu, na mama mwenye watoto watano anahitaji mwenye ghala awe nayo. Kwa kazi hiyo kisanduku ni chombo cha haki. Ninachokihofia ni siku mtoto wa Juru au wa Rubondo, sehemu za Nakivale, aliyesoma akapenda kusoma zaidi, atakapoingia katika kamusi elezo kutafuta neno ambalo ameitwa kwalo tangu kuzaliwa, akalikuta limefungwa ubavuni mwa makala katika mistari minne, kwa sura ileile ya hati iliyo ndani ya sanduku la bati la mama yake.

Maana tangu mwaka 2012 kamusi elezo hizi zina hazina ya pamoja ya taarifa, Wikidata, ambamo kila jambo, liwe ni ziwa, mnyama, haki au huzuni, huelezwa kwa vijisehemu vya namna moja: ni mfano wa nini, ni tawi la nini, na visanduku vya lugha nyingi hujazwa kutoka humo pasi na mkono wa mwandishi. Kwa ziwa ni sawa. Kwa haki, kwa upendo, kwa uraia, kwa ukimbizi, mwandishi wa Kiswahili anayekubali kisanduku kilichojazwa mahali pengine anapokea istilahi ya mtu mwingine akiwa amekwisha kupoteza nafasi ya kuisikia lugha yake, kama walivyopoteza wenye ubwoko.

Kwa hiyo makala yangu nimeiandika kwa desturi ya walimu. Kilugha, mkimbizi ni mwenye kukimbia, na neno letu linamtazama kwa nyuma, likiona vumbi la miguu yake na kile anachokiacha. Mnyarwanda na Mrundi humwita impunzi, nao wameliunda neno hilo kutoka katika kukimbia vilevile. Mwarabu humwita laji, mwenye kutafuta mahali pa kujihifadhi, akimtazama kwa mbele, mlangoni anapobisha. Msomali wa Base Camp huko Nakivale ana neno lake, qaxooti, na Mwethiopia jirani yake ana lake, na hayo nimeyaachia wenyewe wayaeleze, nao wameahidi. Kisha nikaandika kiistilahi, kila istilahi na mwaka wake na mwenye kuiweka: Geneva 1951, Uganda 1960, Addis Ababa 1969, Uganda tena 2006. Kisanduku nimekiacha katika makala ya Nakivale, pamoja na ziwa, wilaya, eneo na mwaka.